Bi Asilimia na Mpangaji Asiyelipa Kodi

Ukimsalimia wifi yangu asubuhi kazini, usitegemee kuambiwa "nzuri". Utajibiwa kwa namba. "Habari za leo, wifi?" "Sabini na nne." Basi, keshapita, anatafuta ufunguo wa chumba chake. Kesho yake unamuuliza ameamkaje, anakwambia, "Sabini na sita, na sijaipenda." Ndiyo maana studio nzima tunamwita Bi Asilimia, na jina lenyewe ameshalizoea mpaka analiitikia.

Ni mke wa kaka yangu. Na kabla hujafungua mdomo: najua, wifi anayeshughulika na kompyuta, ha ha ha. Utani huo nimeusikia kwa kila mtu aliyewahi kuegemea meza yangu ya mapokezi, na aliyeuanzisha ni huyo huyo kaka yangu, akauchekea mwenyewe mpaka machozi. Mimi sicheki tena. Tuendelee.

Studio yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Ukimaliza ngazi unakutana na mimi kwanza, upende usipende. Nyuma yangu kuna ukumbi mwembamba wenye zulia lililolika katikati, kushoto vyumba viwili vya kurekodia vilivyobandikwa sponji ukutani, na mwisho kabisa, palipokuwa stoo ya mafagio, ndipo penye chumba cha wifi. Humo kuna kiti kimoja, feni moja, na seva: kompyuta nyeusi, nzito, isiyo na maringo yoyote, kazi yake kupokea kila sauti inayorekodiwa hapa na kuitunza. Hata programu ya kurekodi inaishi humo humo. Kompyuta za vyumbani ni madirisha tu ya kuchungulia. Matangazo ya biashara, vitabu vya kusikiliza, kwaya, risala za harusi, vyote vinaangukia kwenye tumbo la seva hiyo moja.

Na tumbo hujaa. Hilo wifi hakujifunzia kwenye kompyuta. Baba yake alikuwa mtunza stoo wa vifaa vya ujenzi, na yeye kakulia juu ya mifuko ya saruji, nywele nyeupe kabla ya umri. Anasema lori likipiga honi getini, baba yake hakuuliza limeleta nini. Aliuliza kwanza litashusha wapi. Kama hapana pa kushusha, lori lilingoja nje hata dereva atukane vipi, na dereva wa lori anajua kutukana.

Tabia hiyo binti kaja nayo mpaka nyumbani kwa kaka yangu. Jikoni kwao kuna rafu moja tupu. Si kwamba hawana vitu, vitu wanavyo mpaka vinagombana. Lakini rafu ile ya katikati, ile nzuri ambayo mkono unaifikia bila kuruka, haina hata kijiko. Mama yetu alipoiona mara ya kwanza aliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. "Mwanangu, huyu mkeo amekosa sahani au amekosa akili?" alimnong'oneza kaka, kwa ule mnong'ono wa mama unaosikika nyumba ya tatu. Wifi akajibu kutoka jikoni, kwa adabu zote, "Ni ya siku mgeni akija na mzigo, mama." Mama akaguna. Mpaka leo akifika pale anaitazama rafu ile kwanza, ndipo anamtazama mkwewe.

Sasa kazini. Siku ya kwanza nilipomwona kwenye kiti chake nilidhani anaiba benki. Kafungua dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, maandishi meupe tu. Akaandika df, akaacha nafasi, akaweka kistari na h, akabonyeza. Ikashuka mistari: diski hii ukubwa wake huu, zimetumika hizi, zimebaki hizi, na pembeni asilimia. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Naiuliza diski imebakiwa na nafasi kiasi gani." Ni hivyo tu? Ni hivyo tu. Kisha akaandika du, akaniambia hiyo haiulizi diski. Hiyo inapita folda moja baada ya nyingine, inapima kila inayoikuta, inajumlisha. "Majibu yakikaribiana, nakunywa chai. Yakipishana sana, chai inapoa."

Na yuko Mpangaji.

Mpangaji ni faili. Giga ishirini, jitu zima, na ndani yake hamna kitu. Sifuri tupu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wifi ndiye aliyelitengeneza na kuliweka hapo kwa makusudi. Fundi wetu wa sauti, tunayemwita Masikio kwa sababu hedfoni hazimtoki kichwani hata akienda msalani, ndiye aliyelipa jina: mpangaji anayekaa chumba kikubwa na halipi kodi. Bosi naye ni mkono wa birika hata kwa vitu visivyoshikika, na kila mwezi alikuwa anauliza.

"Giga ishirini zimelala bure, na wewe unaniomba diski mpya?"

"Bosi, diski ikijaa mpaka shingoni, hata mimi siwezi kufanya kazi humo. Nitahitaji pa kuweka mguu. Huyu ananishikia hapo."

"Na diski isipojaa?"

"Basi nitakuwa nimekosea, na wewe utakuwa umefurahi."

Bosi alikuwa anaondoka shingo upande. Masikio alijaribu kulifuta mara moja, kwa utani tu, na wifi akalifungia: tangu hapo haliguswi bila neno lake la siri. Kushika anashika, wifi yangu. Nilishamwambia kaka, na huyo mke ukimwachia nafasi atakufungia na wewe.

Siku ninayoisimulia, namba ilikuwa tisini na nne. Wifi aliisema mlangoni, akairudia kwenye kila chumba, akasema anatoka kwenda dukani kuagiza diski na mtu asirekodi kitu kizito mpaka arudi. Wote wakamwitikia ndiyo, ndiyo. Unaijua ile ndiyo. Bosi mwenyewe alikuwa chumba cha pili akichanganya nyimbo za kwaya, na Bosi ana ugonjwa wake: kila akisogeza sauti kidogo anahifadhi nakala mpya nzima, ya zamani haifuti. Anasema akiifuta ataijutia. Hajawahi kujutia hata moja, ila diski ndiyo inayojuta.

Chumba cha kwanza alikuwamo mzee mmoja na Masikio.

Mzee huyu ukimwona barabarani humjui. Akifungua mdomo tu unasimama. Ndiye aliyekuwa akitangaza treni stesheni, miaka nenda miaka rudi, kabla hawajaweka mashine. Nani katika mji huu hajawahi kuambiwa na sauti ile asogee nyuma ya mstari? Mimi nimeikimbilia mara ngapi na viatu mkononi! Alikuja na binti yake, binti mwenyewe tumbo liko mbele, siku zimekaribia, na ndiye aliyenieleza huku baba yake amekaa kimya pembeni. Mzee alikuwa na uvimbe kooni. Kesho yake asubuhi anafanyiwa upasuaji, na daktari hakuzunguka: utapona, mzee, lakini sauti haitabaki. Mjukuu wa kwanza anakuja, na babu anataka amwachie sauti yake. Hadithi, nyimbo mbili tatu za kubembelezea, na maonyo, maana babu bila maonyo ni babu gani?

"Sauti anaipata asubuhi tu," binti aliniambia. "Ikifika mchana imekatika. Siku zote hizi haongei nyumbani, anatuonyesha kwa mikono. Alikuwa anaiweka kwa ajili ya leo."

Nilimtazama yule mzee, akaniinamishia kichwa kwa heshima, na mimi nikajikuta nimekaa vizuri kwenye kiti. Sikaagi vizuri kwa mtu.

Lazima nikueleze ujanja wa Masikio, maana ndipo balaa lilipotokea. Mgeni ukimwambia "tayari, tunarekodi," anakauka kama ukuni. Hata mtu mwenye mdomo kama wangu anasahau jina lake. Basi Masikio huwadanganya. Anawasha mashine, anasema, "Tunajaribu tu, sema chochote," faili analiita jaribio, na mgeni akishachangamka hamkatizi. Anamwacha aende. Kumbe hilo jaribio ndiyo kazi yenyewe. Mwisho kabisa, mgeni akishatoka, analifunga na kulipa jina la mgeni. Mafundi wote wa sauti niliowahi kuwaona wana kaugonjwa hako, na wanajiona wajanja.

Mlango haukufungwa vizuri, kwa hiyo nilisikia mwanzo wote. Masikio akasema, "Tunajaribu tu, mzee, sema chochote." Na ile sauti ikatoka, pana, imetulia, haina mkwaruzo hata kidogo. "Chochote? Maisha yangu yote nimesema nilichoandikiwa, leo ndiyo naambiwa chochote!" Akacheka. Halafu akakohoa, akaingia kazini: "Tahadhari, tahadhari. Abiria anayesafiri tumboni kwa binti yangu anaombwa asikawie. Babu yake anamsubiri kwenye jukwaa." Binti alikuwa amekaa mbele yangu. Alicheka na kulia kwa pamoja, na mimi simu ilikuwa inaita na sikuipokea.

Alizungumza asubuhi nzima. Alipotoka alinijia mezani kuomba maji ya moto, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Kapumzi tu. Akatabasamu, akanionyesha kikombe kwa kidole. Yaliyokuwamo yote alikuwa ameyaacha mle chumbani.

Sikuwa nimemaliza kummiminia maji, Masikio akatoka mbio. Seva imejaa. Kwenye kioo cha kompyuta yake kimekuja kidirisha chekundu kinasema diski haina nafasi. Akarudi ndani akaanza na Mpangaji, kumbe kafungiwa. Basi akafanya ambalo angefanya fundi yeyote mwenye haraka: akatafuta kila faili linaloitwa jaribio, takataka za wiki nzima, "moja, mbili, tatu, unanisikia", akayafuta yote kwa mkupuo mmoja. Na diski bado imejaa. Akaja kusimama mbele ya Bosi akikuna hedfoni badala ya kichwa.

Bosi alikuwa naye kakwama, kwaya yake haihifadhiki. "Zima, washa," alisema. "Jokofu langu ndivyo ninavyolitibu." Akanijia mezani kuchukua ufunguo wa akiba wa stoo ya mafagio.

Sasa mimi kompyuta sijui, nisijitie. Lakini wifi yangu namjua. Nilijua kwamba angekuwa hapa asingekubali kitu kizimwe kabla hajakiuliza maswali. Nikamwambia Bosi ngoja kidogo, nikampigia.

"Wifi, wanataka kuzima."

Nilisikia magari, nikasikia anapumua, yuko njiani anarudi. "Imefanya nini?"

"Imejaa. Wamefuta vitu na bado imejaa."

"Wamefuta, na haikupungua?"

"Haikupungua."

"Wifi, ufunguo uko wapi?"

"Ninao."

"Ukalie."

Nikaukalia. Sisemi kwa mfano, niliuweka kwenye kiti nikaukalia, na Bosi akiona. "Ala! Dada, studio ni ya nani?" akaniuliza. Nikamwambia ni yake, kiti na ufunguo pia ni vyake, lakini wifi ni wangu, na atakuwa hapa sasa hivi. Bosi akatoa macho. Mimi nikapanga kalamu zangu. Nilikuwa naogopa, lakini uso wangu, thubutu, huo hausomi mtu.

Wifi alifika na ndara zake zikilia kwenye ngazi. Alimsalimia mzee kwanza, "Shikamoo, baba," kama mtu asiye na haraka yoyote. Kisha akaninyooshea mkono, nikampa ufunguo wenye joto lake, na sote watatu tukamfuata: Bosi, Masikio na mimi. Chumba kina kiti kimoja, tulijazana mlangoni.

df. Mia kwa mia.

du. Alisubiri ipite folda zote. Akasoma jumla, akaisoma tena. Ilikuwa pungufu. Diski inasema imejaa, na folda zote zikijumlishwa haziifikii. Kuna giga nne zinakaa mahali zisikoonekana.

"Chai imepoa," nikasema. Hakucheka, lakini kichwa alikitikisa.

"Nani amefuta, na amefuta nini?"

"Majaribio tu, dada," alisema Masikio. "Takataka."

Wifi akaandika amri nyingine, ya kuuliza ni programu gani imeshikilia faili gani. Ikatoka orodha ndefu, akaichuja, ukabaki mstari mmoja. Aliuwekea kidole kwenye kioo. Programu ya kurekodi. Giga nne. Jaribio. Na mwishoni, kwenye mabano, kwamba limefutwa.

"Hili limefutwa jina," alisema. "Lenyewe bado lipo. Programu imelishikilia, haijaliachia, ndiyo maana nafasi haikurudi. Ni kama mgeni aliyekatwa kwenye daftari la hoteli, kumbe yuko chumbani amelala. Sasa niambie, Masikio. Jaribio gani lina giga nne?"

Masikio akavua hedfoni. Tangu nianze kazi hapa sijawahi kumwona kichwa kitupu, na kumbe ana kichwa kidogo, maskini.

"Mzee," alisema. "Mzee yumo humo. Sikuwa nimelifunga. Sikuwa nimelipa jina."

Nilikuwa nimesikia ile sauti kwa masikio yangu, na nilikuwa nimeona kikombe kikiombwa kwa kidole. Hakukuwa na kesho ya kurudia.

"Kwa hiyo tungezima..." Bosi alianza.

"Tungezima, programu ingeachia, na diski ingepata nafasi safi kabisa," alisema wifi. "Namba yangu ingependeza." Alikuwa ameshageukia kioo. "Kile kidirisha chekundu chumbani kina vitufe vingapi?"

"Kimoja," alisema Masikio. "Funga programu."

"Wifi, kimbia. Kaa mbele ya ile kompyuta. Mtu asiguse panya, hata Bosi."

Nikaenda shoti. Nafika chumba cha kwanza, namkuta nani? Mzee. Alikuwa amerudi kuchukua kofia yake, na sasa kainama mbele ya kioo anasoma yale maandishi mekundu. Mkono wake uko juu ya meza, panya iko kando ya kidole.

"Baba, nakuomba usiguse!" Nilipiga kelele, Mungu anisamehe, nilimpigia kelele mtu mzima.

Akautoa mkono taratibu, akauweka kifuani. Akanitazama. Yule mtu kafanya kazi stesheni, anajua watu wanavyokimbia wakati kitu kimeharibika. Akafungua mdomo, akaniuliza bila sauti, nikasoma midomoni mwake: Imepotea?

Kumdanganya sikuweza, na ukweli sikuujua. Nilimshika mkono tu, nikakaa kwenye kiti cha Masikio, tukabaki hivyo, mimi nalinda panya na yeye anatazama mlango. Binti yake alikuja akasimama nyuma yake. Hakuniuliza kitu. Uso wangu siku hiyo ulisomeka.

Yaliyoendelea mwisho wa ukumbi nilisimuliwa na Bosi, na ameyasimulia mara nyingi kiasi kwamba naweza kumkatiza nikamalizia. Anasema wifi alisimamisha mikono juu ya vitufe, akasema kwamba faili lililoshikiliwa linaweza kuchotwa kupitia mkono wa programu hiyo hiyo inayolishikilia, mradi haijafungwa. Lakini kuchota kunahitaji pa kumwagia, na diski imejaa mpaka shingoni. Masikio akauliza kwa sauti ya mtoto, "Tutamwagia wapi sasa?"

Wifi akaandika jina la Mpangaji. Akaandika neno lake la siri. "Asante kwa kukaa," alisema, akabonyeza.

df. Nafasi imerudi, giga ishirini nzima, pale pale.

Akanakili. Bosi anasema alikuwa anakodolea kile kishale kinachopepesa kwenye dirisha jeusi mpaka macho yakauma, na hakuthubutu kuuliza imefika wapi. Masikio alikuwa amekaa chini ukumbini, hedfoni mapajani. Ilipoisha, wifi akapima. Ukubwa ni ule ule. Akalipa jina la mzee hapo hapo, ndipo akanyanyuka.

Tulizisikia zile ndara zake zikija. Aliingia, akapita moja kwa moja mpaka mbele ya mzee, akapiga goti moja ili macho yao yalingane.

"Ilikuwa imefichika, baba," alisema. "Nimeipata. Yote. Tutaisikiliza pamoja sasa hivi, usiniamini kwa maneno."

Masikio akaifungua kutoka nakala mpya. Kwanza akajisikia mwenyewe: "Tunajaribu tu, mzee, sema chochote," na akafunika uso. Halafu ile sauti ikajaa chumba. Chochote? Maisha yangu yote... Wifi hakuridhika na mwanzo. Alisikiliza katikati, akasikiliza mwisho, mpaka pale mzee anaposema basi, amechoka, na maji ya moto yako wapi. Binti alilia waziwazi, mimi nililia waziwazi, Bosi alisema vumbi la sponji lile linamsumbua. Mzee hakulia. Alisimama, akavaa kofia yake, akanyoosha mkono juu na kuushusha mara moja, kama wanavyofanya kuiruhusu treni iondoke. Wifi akacheka.

Masikio hakutukanwa, na nadhani angependa atukanwe. Wifi alimwambia kitu kimoja tu: tangu leo faili la mgeni lina jina la mgeni kabla hajafungua mdomo. Akasema ndiyo, na hii ilikuwa ndiyo nyingine kabisa. Ujanja wake bado anao, anawaambia wote ni jaribio tu, ila kwenye kioo jina limeshaandikwa. Bosi alitaka kuagiza diski mbili. Wifi akamjibu ameshaagiza mbili. Na kabla ya kwenda nyumbani alihamisha nakala za kwaya, akatengeneza faili jipya lenye sifuri tupu, akalifungia. Sasa hivi Bosi ndiye anayepita asubuhi kuuliza, "Mpangaji yupo?" Akiambiwa yupo, anapata hamu ya chai.

Mama yetu nilipomhadithia, alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema, "Kwa hiyo ile rafu..." Nikamwambia ndiyo, mama. Akasema bado angeweka hata glasi mbili.

Mwaka haujapita sana, walirudi. Nilisikia ngazi zinapandwa polepole. Binti mbele, nyuma yake mzee, kitambaa safi kimefungwa shingoni, na mikononi mwake mtoto wa kike mwenye mashavu ya kung'atwa. Walikuwa wanapita tu, wakasema watusalimie. Nilimwita wifi kwa sauti iliyofika duka la vioo. Akatoka stoo ya mafagio akipangusa mikono, akasimama mlangoni mwa ukumbi.

"Mwoneni anavyofanya," alisema binti, akatoa simu, akabonyeza.

"Tahadhari, tahadhari. Abiria anayesafiri tumboni kwa binti yangu..."

Nilidhani mtoto ataitazama simu. Watoto wote huitazama simu. Huyu hakuigeukia hata kidogo. Aliinua uso akamtazama babu yake mdomoni, akaweka kiganja chake juu ya kile kitambaa cha shingoni. Na mzee midomo ikawa inakwenda. Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, haitangulii sauti wala haibaki nyuma, anamwambia mjukuu wake kwamba anamsubiri kwenye jukwaa. Mtoto akacheka, akampiga piga koo, anataka tena.

Binti akarudisha mwanzo. Nilimgeukia wifi. Alikuwa analia, Bi Asilimia, machozi yanashuka na hata hayafuti.

"Habari za leo, wifi?" nikamuuliza.

Alifungua mdomo anijibu, na namba haikumjia.